Nani Alipe Hasara? Kadi ya Benki na Muuza Duka

Mjadala wa usalama wa malipo ya kadi kwa kawaida huachiwa mafundi. Mimi nausoma kama historia ya swali la kisiasa: wizi ukitokea, hasara inamwangukia nani?

Septemba 1958, Bank of America ilituma kwa posta kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California. Hakuna aliyeziomba. Benki ilikuwa imekwisha kuwashawishi wenye maduka zaidi ya 300 kuzipokea, ikiwakata takriban asilimia 6 ya mauzo. Wengi walikuwa wadogo. Maduka makubwa yalikuwa na utaratibu wao wa kukopesha, wala hayakuona sababu ya kuugawana na mtu. Kwa mwenye duka dogo neema ilikuwa ya kweli: daftari la madeni lilihamia benki. Wezi nao wakazifuata kadi hizo hadi kwenye masanduku ya barua. Benki ilikisia kwamba asilimia 4 ya wateja wangechelewesha malipo, ikakuta 22.

Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilipiga marufuku utumaji wa kadi zisizoombwa, likaamuru pia kwamba mwenye kadi iliyoibwa asidaiwe zaidi ya dola 50. Sheria njema. Lakini mzigo ulioondolewa kwa mteja haukuyeyuka. Ulibaki kati ya benki na muuza duka, na hao hawakuwa na sauti sawa. Muuza duka alitakiwa kulinganisha saini, kupekua orodha iliyochapishwa ya namba za kadi zilizoibwa, na kupiga simu kuomba idhini mauzo yalipozidi kiwango fulani. Akizembea, fedha hukatwa kwake.

Ufaransa ilishika njia nyingine. Roland Moreno alisajili uvumbuzi wake wa kadi yenye chipu mwaka 1974, na kufikia mwisho wa 1992 kadi za benki za nchi hiyo zilikuwa na chipu. Marekani iling'ang'ania utepe wa sumaku, ambao ni rahisi kunakiliwa, hadi kampuni za kadi zilipotumia silaha iliyo kali kuliko hotuba yoyote. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2015, kadi ya chipu iliyoghushiwa ikipokelewa katika duka lisilo na mashine ya kusomea chipu, kwa kawaida duka ndilo hubeba hasara. Hilo halikujadiliwa bungeni. Lilikuwa sharti la mkataba. Pampu za mafuta ziliongezewa muda hadi Aprili 2021. Kinyozi hakuongezewa hata siku moja.

Sisemi kwamba masharti yenyewe ni mabaya. Kanuni za pamoja za kampuni za kadi, zilizotolewa Desemba 2004, zinakataza muuzaji kuhifadhi tarakimu tatu za nyuma ya kadi baada ya malipo kuidhinishwa, na sababu iko wazi: kisichohifadhiwa hakiibwi. Mwaka 2013 wezi walichukua taarifa za kadi zipatazo milioni 40 kutoka Target, duka kubwa la Marekani, baada ya kupenya kwa nywila za kampuni ndogo ya mafundi wa majokofu iliyolihudumia. Udogo haumfichi mtu.

Kwetu njia ilikuwa tofauti. M-Pesa, iliyoanza Kenya 2007 na Tanzania 2008, humfanya mteja mwenyewe asukume fedha kwa namba ya siri anayoibonyeza kwenye simu yake. Muuzaji hakabidhiwi siri ya kulinda. Kadi hufanya kinyume: mteja humpa muuzaji namba inayoweza kuvuta fedha. Kwa hiyo nyumba ndogo ya wageni inayompokea mtalii kwa kumwomba atume namba ya kadi kwa WhatsApp imejitwika, bila kujua, mzigo uleule wa Fresno. Ingempelekea kiungo cha ukurasa wa malipo wa benki, namba hiyo isingepita mikononi mwake kabisa.

Wanafunzi wangu huniuliza pa kuanzia utafiti. Huwaelekeza kwenye mkataba wa mashine ya kadi, katika kifungu cha malipo yanayorejeshwa kwa mteja: muuzaji ana siku ngapi za kujitetea, kwa ushahidi gani, na mkataba umeandikwa kwa lugha ipi. Watumishi wa umma wanaosimamia sekta hii wangeweza kuuliza maswali hayohayo, tena wao wana mamlaka ya kudai majibu.