Uzi: Tukisema "king'ole", tunasema nini hasa?

Wenzangu, uzi huu ni mrefu kidogo, vumilieni. Kila mjadala wa usalama ukianza hapa Machakos, hauchukui dakika kumi kabla mtu hajasema: wezi wa mtaa wanajulikana, na sisi Wakamba zamani tulikuwa na dawa yao, king'ole, basi turudie hiyo. Watu hupiga makofi. Simtaji aliyeyasema mara ya mwisho kwa sababu wanasema wote, wa upande huu na wa ule.

Naomba tukae hapo kwanza, maana hayo makofi yanaweza kuua mtu.

Kabla ya ukoloni Ukambani hakukuwa na mfalme wala kituo cha polisi. Kulikuwa na utui, yaani kijiji na watu wake, na nzama, baraza la wazee. Ukiiba mbuzi, ulilipa. Hata ukiua mtu, kwa kawaida ukoo wako ulilipa mifugo na kesi ikaisha. King'ole ilikuja mwisho kabisa, kwa mtu aliyeonekana ni hatari kwa wote: mwizi sugu aliyeshindikana, au aliyedaiwa kuua watu kwa uchawi. Wazee walikaa, wakala kiapo, wakajadili. Na jamaa wa karibu wa mshtakiwa alipaswa kukubali kwanza. Bila ridhaa ya nyumba yake, wazee hawakuwa na ruhusa ya kumuua.

Hebu soma tena hapo kwa jamaa. Halafu nionyeshe mwizi wa simu pale steji ambaye kuna mtu alimuuliza hata jina la baba yake kabla ya tairi kuletwa.

Sisemi king'ole ilikuwa nzuri, jamani. Ilikuwa adhabu ya kifo, na wengi walioitwa wachawi kosa lao lilikuwa tu kwamba jirani ameugua. Mwaka 1931, huku huku Ukambani, mwanamke mmoja alipigwa hadi akafa, akidaiwa kumroga mke wa jirani yake. Walishtakiwa wanaume 70, na mwaka 1932 60 kati yao wakahukumiwa kunyongwa. Utetezi wao ulikuwa ni huu huu tunaousikia leo: hii ni mila yetu. Mahakama ikakataa. Kesi ikasomwa kwenye magazeti mpaka London, na mwishowe hawakunyongwa, wakafungwa. Kwa hiyo anayesema "turudie" ajue hata babu zetu walishaulizwa swali hilo kizimbani.

Sasa upande wa pili, ambao mimi naona ndio mzito. Serikali ilipopiga marufuku king'ole ilikuwa kama inasema: acheni, tutawalinda sisi. Je, ililinda? Askari wa kwanza kukaa Machakos walikuja kulinda ngome ya kampuni ya Waingereza, miaka kumi hivi kabla reli haijafika Nairobi. Baadaye askari akawa mtu wa kodi. Na mwaka 1938 akawa mtu wa kuchukua ng'ombe, serikali ilipoamua mifugo ya Wakamba ni mingi mno na lazima ipunguzwe. Watu karibu 2,000 wakatembea hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakidai mifugo yao. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.

Nyanya yangu alikuwa msichana wakati huo. Hadi anafariki hakuwahi kuingia kituo cha polisi kuripoti chochote. Akiibiwa kuku, alimwendea mzee wa kijiji. Nilikuwa nikimcheka.

Kwa hiyo mtu akikuletea takwimu kwamba uhalifu umepungua, au umepanda, muulize kwanza zimetoka wapi. Za polisi zinahesabu kilichoandikwa kwenye OB. Kuku wa nyanya hawamo. Mtaa ambao watu wamekata tamaa ya kuripoti unaweza kuonekana salama kabisa kwenye karatasi, na mtaa ambao watu wameanza kuwaamini polisi ukaonekana umeharibika.

Na mimi pia nina langu. Miaka miwili iliyopita, saa kumi alfajiri, nilisikia "mwizi!" nje ya lango letu Katoloni. Nikatoka na simu, nikawasha tochi. Kijana yuko chini, watu kama ishirini juu yake. Sikumgusa. Nilimulika tu, ili wenzangu waone vizuri pa kupiga. Ni mama mmoja wa mboga aliyekuwa akienda sokoni ndiye aliyemtambua: alikuwa anawahi zamu yake kwenye bekari. Alipona, lakini mkono wa kushoto haunyooki. Hakuna aliyekwenda kituoni, si yeye wala sisi. Hayumo kwenye takwimu.

Sasa tukirudi kwenye siasa: nani anawajibika? Katiba ya 2010 iliweka polisi chini ya serikali ya kitaifa. Mwakilishi wadi akikuahidi askari, anakuahidi kitu kisicho chake. Lakini gavana naye asikuambie "usalama si kazi yangu" akaondoka. Taa za barabarani ni kazi ya kaunti, Jedwali la Nne linasema hivyo. Leseni za baa pia. Na Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 inaweka mamlaka ya polisi katika kila kaunti, ikiongozwa na gavana au waziri wake wa kaunti, yenye wananchi ndani yake, ya kufuatilia mwenendo wa uhalifu na kupendekeza polisi watangulize nini. Kwa miaka mingi kwenye kaunti nyingi ilibaki maandishi tu. Mikutano ya nyumba kumi tunaijua, wengi wetu tumeitwa. Hii nyingine nani ameshawahi kuiona ikikaa?

Mkutano ujao mtu akitaja king'ole, mimi nitainua mkono niulize hiyo mamlaka ilikutana lini mara ya mwisho, na wananchi waliomo ni akina nani. Na mulika mwizi ya kona yetu, ile iliyozimika tangu kabla ya asubuhi hiyo ninayoisimulia, itawashwa lini.