Kirangozi na Nyapara: Ukuu wa Wapagazi katika Njia ya Bagamoyo

Kila kazi iliyo na ufundi wake huwa na wakuu wake. Katika zama za sasa watu wa kazi moja huunda chama, humchagua rais, nao humtuma aende huku na huku kuwasemea. Ada hiyo haikuanzia kwenye katiba zilizoandikwa. Katika karne ya 19, kwenye ufuo uliotoka Konduchi na Kaole, ukapita Bagamoyo na Winde, hata Saadani na Pangani, kulikuwa na watu wa kazi moja waliokuwa na sheria zao, adhabu zao, heshima zao na wakuu wao, ijapokuwa hawakuwa na daftari wala muhuri. Hao ni wapagazi. Mkuu wao aliitwa kirangozi. Na chini yake, au pengine mahali pake, walikuwapo wanyapara. Habari za maneno haya mawili ni habari za madaraka: ni nani aliyempa mkuu ukuu wake, na alikuwa akimtumikia nani.

Neno kirangozi, ambalo wengine walilitamka kirongozi, laonyesha undugu wa wazi na kitenzi ongoza na jina kiongozi. Tofauti iliyopo ni ile sauti ya r, ambayo Kiswahili cha pwani hakinayo katika kitenzi hicho. Neno nyapara nalo laelekea kutoka bara, kwa Wanyamwezi, ambao walimwita mnyampara mtu mzima mwenye kuongoza wenziwe. Si ajabu kuwa lugha ya njia ilichukua maneno ya Unyamwezi, kwa sababu Wanyamwezi ndio waliokuwa wengi na mashuhuri katika kazi hiyo. Walikwisha fanya safari zao wenyewe za kuleta pembe pwani kabla ya Mzungu yeyote kutia mguu katika njia ile. Upagazi kwao ulikuwa kazi ya mtu huru, na kijana ambaye hajapata kuiona bahari alihesabika bado mtoto.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kadiri ya kilo 32, na juu ya mzigo huo mtu alichukua mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Nguo zilifungwa mitumba mirefu, zikakazwa kwa kamba na vijiti hata zikawa ngumu kama gogo. Pembe zilichukuliwa begani. Shanga zilitiwa katika mifuko. Kutoka Bagamoyo hata Ujiji njia ilikuwa kadiri ya kilomita 1,200. Chakula cha kila siku kilikuwa kibaba cha nafaka, nacho kiliitwa posho; au, mahali palipokuwa na soko, mpagazi alipewa kipande cha merikani au shanga akajinunulie mwenyewe.

Katika safari ya namna hiyo kirangozi hakuwa pambo. Kwa desturi wapagazi wenyewe ndio waliomkubali, kwa sababu aliijua njia, maji na lugha za watu wa mbele. Alitangulia na bendera, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, na mzigo wake ulikuwa mwepesi kuliko ya wenziwe. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, alishuhudia ya kwamba mtu yeyote aliyethubutu kumpita kirangozi njiani alitozwa faini. Sheria hiyo haikutungwa na tajiri mwenye mali, wala tajiri hakuwa na uwezo wa kuifuta. Jioni kirangozi alisimama kambini akatangaza kama kesho ni safari au ni mapumziko, akaeleza urefu wa mwendo na hatari zilizoko. Alfajiri aliamsha watu. Walipofika penye nyika isiyo na maji, kama Marenga Mkali mpakani mwa Ugogo, yeye ndiye aliyekata shauri la kutembea alasiri na usiku ili kisima kinachofuata kifikiwe kabla watu hawajashindwa. Walipofika kwa mtemi mwenye kudai hongo, yeye na wanyapara waliketi barazani siku mbili, tatu, hata bei ikapatana. Aliamua ugomvi wa wenye kambi, alisimamia ugawaji wa posho, na mtu alipougua alitafuta wa kupokea mzigo wake.

Basi ukuu huu ulikuwa na pande mbili. Kwa tajiri, kirangozi na nyapara walikuwa mikono na macho yake: waliulizwa mizigo iliyopotea na watu waliotoroka. Kwa wapagazi walikuwa mdomo wao: posho ilipopungua, au mwendo ulipozidi kiasi, watu walitua mizigo wakakaa kitako, na mkuu wao ndiye aliyekwenda hemani kueleza sababu. Mkuu aliyesikiliza upande mmoja tu hakudumu. Akiwa mtu wa tajiri tu, watu walimkimbia usiku. Akiwa mtu wa watu tu, tajiri alimwondoa au alimpiga.

Mfano ulio wazi zaidi wa maisha hayo ni Sidi Mubarak, aliyejulikana kwa jina la Bombay. Alizaliwa Uyao yapata mwaka 1820, akatekwa angali mtoto, akauzwa Kilwa, akavushwa hata Bara Hindi. Bwana wake alipokufa alipata uhuru, akarudi Unguja, akaingia katika askari wa Sayyid, akawekwa kwenye ngome ya Chogwe karibu na Pangani. Huko ndiko Burton na John Hanning Speke walikomkuta mwanzoni mwa mwaka 1857. Speke hakujua Kiswahili, lakini alijua Kihindustani. Na Bombay alijua vyote viwili. Kwa hiyo ukuu wake ulianzia katika lugha. Kwanza alikuwa mchukua bunduki wa Speke. Lakini kila neno la Speke kwa watu, na la watu kwa Speke, lilipita kinywani mwake.

Safari ile ya kwanza iliondoka Kaole mwezi wa Juni 1857, ikafika Ujiji Februari 1858. Mwezi wa Agosti mwaka ule Bombay alikuwa pamoja na Speke walipoiona Nyanza kwa upande wa kusini. Mwanzoni mwa Februari 1859 waliiona tena bahari, huko Konduchi. Haikupita miaka miwili akaondoka tena. Mwezi wa Oktoba 1860 msafara wa Speke na James Grant uliondoka Bagamoyo. Na mkuu wa msafara, Said bin Salim, alipobaki Unyanyembe kwa ugonjwa, kazi ya ukuu ilimwangukia Bombay. Katika Buganda mwaka 1862 maneno ya Speke kwa Kabaka Mutesa yalitoka katika Kihindustani, Bombay akayatia katika Kiswahili, na mwingine akayatia katika Kiganda. Kutoka huko walifuata mto Nile, wakafika Gondokoro Februari 1863, kisha Misri. Na Bombay na wenziwe wachache waliobaki wakarudishwa kwao kwa meli.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipotaka watu wa kumtafuta David Livingstone, alimwandika Bombay kuwa mkuu wa askari wake kwa riale 80 kwa mwaka, hali wenziwe wa safari za Speke waliandikwa kwa riale 40. Stanley alikaa Bagamoyo zaidi ya majuma sita akitafuta wapagazi, kwa sababu hapo pwani mwenye haja alikuwa tajiri, na mwenye mabega alijua thamani yake. Wafanyabiashara wa Kihindi waliopatanisha pande mbili hizo walipata faida kubwa. Na miaka ya baadaye Sewa Haji Paroo, mzaliwa wa Bagamoyo, alitajirika sana kwa biashara ya misafara na wapagazi, akatoa sehemu ya mali yake kwa hospitali na shule. Msafara wa Stanley uliondoka tarehe 21 Machi 1871, ukarudi Bagamoyo tarehe 6 Mei 1872.

Jambo lililotokea penye mto Gombe mwezi wa Oktoba 1871 ladhihirisha ugumu wa cheo cha Bombay. Mahali pale palikuwa na nyama tele, na watu walitaka siku moja zaidi ya kupumzika na kula. Stanley akakataa. Watu wakaondoka kwa shingo upande, na baada ya mwendo mfupi wakatua mizigo. Bunduki zikaelekezwa huku na huku, na ilikaribia kumwagika damu. Mambo yalipotulia, Bombay alipigwa kwa mpini wa mkuki, kama Stanley mwenyewe alivyoandika katika kitabu chake. Kwa macho ya Stanley kosa lake ni kuwa hakuwasukuma watu. Kwa macho ya desturi ya njia, alikuwa amefanya kazi ya mkuu: alipeleka maneno ya watu kwa mwenye mali. Desturi mbili zilikutana katika mgongo wa mtu mmoja.

Hata hivyo hakuiacha kazi. Mwaka 1873 alitoka Bagamoyo tena na Verney Lovett Cameron, akiwa amekwisha pita umri wa miaka 50. Walipokuwa Unyanyembe mwezi wa Oktoba, walikutana na Susi na Chuma na wenzao wakiichukua maiti ya Livingstone, ambayo iliwasili Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Safari ile ya Susi na Chuma ni ushahidi mwingine wa jambo lilo hilo: hapakuwa na Mzungu wa kuwaamrisha, wala mshahara uliokwisha ahidiwa kwa kazi hiyo, na bado msafara ulikata shauri, ulijiwekea wakuu na ulifika. Cameron na Bombay waliendelea magharibi hata wakatokea bahari ya Atlantiki karibu na Benguela mwezi wa Novemba 1875. Hivyo Bombay alikuwa amevuka bara lote kwa miguu. Royal Geographical Society ya London ilimpa medali ya fedha, na mwaka 1876 ikampangia pensheni ya maisha. Alifariki Oktoba 1885.

Mwaka huohuo wa 1885 Wajerumani walipewa na serikali yao hati ya kujidai nchi za bara nyuma ya Mrima. Miaka mitatu baadaye pwani yenyewe ilipowaka vita, Bagamoyo, Saadani na Pangani zikawa uwanja wa mapigano. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na mwaka 1891 makao ya serikali yakahamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Misafara haikukoma mara moja; makumi ya maelfu ya watu waliendelea kuingia na kutoka Bagamoyo kila mwaka. Lakini reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ikaiacha Bagamoyo kando. Bwana wa mabega hakuhitajiwa tena njiani. Alihitajiwa shambani.

Hapo ndipo maneno yale mawili yalipoachana. Kirangozi lilizama. Kazi yake ilikuwa ya njia, na njia ilipokufa neno nalo likabaki vitabuni. Nyapara lilibaki likiishi, lakini likabadili bwana. Katika mashamba ya mkonge, zao lililoletwa mwaka 1893 na kuenea Tanga na Pangani, nyapara alikuwa mtu aliyewekwa na mwenye shamba kusimama juu ya wafanyakazi, kuhesabu kazi zao na kuwakemea. Hakuchaguliwa nao wala hakuwasemea. Baadaye neno likaingia hata magerezani, likiwa jina la mfungwa anayesimamia wafungwa wenzake. Neno lililokuwa la heshima ya mtu mzima limekuwa neno la kuogopwa au la kudharauliwa. Si kwa sababu ya sauti zake, bali kwa sababu chanzo cha madaraka kilihama kutoka kwa wenye kazi kwenda kwa mwenye mali.

Vita vya mwaka 1914 hata 1918 vilirudisha upagazi kwa nguvu. Safari hii watu walikamatwa, wakapewa namba, wakachukua risasi na vyakula vya majeshi. Makumi ya maelfu wakafa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililoacha jina la Kariakoo katika Dar es Salaam. Katika jeshi lile mpagazi hakuwa na kirangozi wa kumkubali wala wa kumkataa.

Wapagazi wenyewe hawakuandika vitabu. Maandishi ya Kiswahili ya zama zile, kama yale aliyoyakusanya Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901, yaeleza zaidi mambo ya wafanyabiashara na ya waliofuatana na Wazungu. Ushahidi wa wachukuzi wa mizigo umebaki katika msamiati. Mtumba, uliokuwa mzigo wa nguo mpya za kubadilisha kwa pembe, leo ni nguo kuukuu sokoni. Posho, iliyokuwa kibaba cha nafaka, ni unga wa mahindi katika Kenya na Uganda, na katika Tanzania ni fedha anayopewa mkubwa anaposafiri kwa kazi ya ofisi au ya chama chake. Mwenye kuipokea leo hana mzigo kichwani. Lakini jina la malipo yake lilitoka kwa watu waliokuwa na haki ya kutua mizigo na kukaa kitako mkuu wao asipowasemea.