Kuchangia damu kwa mtu aliyebadili jinsia: Anaulizwa nini, na kwa nini

Je, mtu aliyebadili jinsia anaweza kuchangia damu? Jibu linategemea yuko nchi gani. Uingereza na Marekani anaruhusiwa, mradi atimize masharti yaleyale wanayotimiza wachangiaji wengine. India, miongozo ya mwaka 2017 ilimfungia mlango moja kwa moja. Kwa nini nchi mbili zinazotafuta kitu kimoja, yaani damu salama, ziwe na majibu mawili?

Katika makala hii tunaeleza sheria hizo zilitoka wapi, zimebadilika vipi, na ni mambo gani ya mwili ambayo bado ni lazima yaulizwe. Suala hili linamgusa anayetoa damu, na linamgusa pia aliye wodini: mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, au mtoto mwenye malaria kali aliyeishiwa damu. Mgonjwa huyo hana nafasi ya kuuliza damu imetoka kwa nani. Anategemea maswali yaliyoulizwa kabla yake yawe ya maana, na yajibiwe kwa ukweli.

Tunamzungumzia nani?

Tunaposema mtu aliyebadili jinsia, tuna maana ya mtu anayeishi kwa jinsia ambayo si ile iliyoandikwa alipozaliwa. Aliyeandikwa mvulana akaishi kama mwanamke, tutamwita mwanamke aliyebadili jinsia. Aliyeandikwa msichana akaishi kama mwanamume, tutamwita mwanamume aliyebadili jinsia. Baadhi yao hutumia homoni, baadhi hufanyiwa upasuaji, na wengine hawafanyi lolote kati ya hayo. Tofauti hizi zina uzito katika damu, kama tutakavyoona.

Hofu ilianzia wapi?

Miaka ya mwanzo ya 1980 UKIMWI ulipojulikana, hakukuwa na kipimo cha kuonyesha kama damu ina virusi. Damu iliyoonekana safi iliua watu. Uingereza, uchunguzi wa serikali uliotoa ripoti yake Mei 2024 ulisema zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa VVU au homa ya ini aina ya C kupitia damu na dawa zilizotengenezwa kwa damu, kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Takriban 3,000 kati yao wamefariki.

Bila kipimo, wataalamu walitumia njia iliyokuwepo: kuzuia makundi ya watu ambao maradhi yalionekana zaidi kwao. Marekani ilimzuia maisha yake yote mwanamume yeyote aliyewahi kufanya ngono na mwanamume mwingine tangu mwaka 1977. Mwanamke aliyebadili jinsia mara nyingi alihesabiwa kuwa mwanamume, hivyo akiwa na mume au mpenzi wa kiume, naye alinaswa na marufuku hiyo.

Mambo yaliendelea hivyo kwa muda mrefu hata baada ya vipimo kupatikana. Mwaka 2016, Canada ilikuwa na sheria iliyosema kwamba mwanamke aliyebadili jinsia ambaye hajafanyiwa upasuaji wa sehemu za siri ataulizwa maswali ya wanaume. Akishafanyiwa, asubiri mwaka mmoja, kisha aulizwe maswali ya wanawake. Wengi waliona sheria hiyo inauliza kilichomo ndani ya nguo badala ya kuuliza kama kuna hatari ya maambukizi.

Kutoka kundi hadi tabia

Kipimo cha kwanza cha VVU kwa ajili ya damu kilipatikana mwaka 1985. Baadaye vikaja vipimo vinavyotafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe. Vipimo hivi vinaweza kukiona kirusi cha UKIMWI takriban siku 10 baada ya mtu kuambukizwa. Hata hivyo zinabaki siku chache za mwanzo ambapo kirusi kimeshaingia mwilini na kipimo hakijakiona. Siku hizo ndizo hatari iliyobaki, na ndiyo sababu maswali bado yanaulizwa hata kama damu itapimwa.

Hapa Afrika, somo kubwa lilitoka Afrika Kusini. Huko, kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, shirika la damu lilitumia rangi ya mtu kama alama ya hatari. Damu ya watu weusi ilihesabiwa kuwa na hatari kubwa zaidi, kwa hiyo nyingi haikutumika kama ya wengine. Jambo hilo lilizua hasira nchini. Mwaka 2005 shirika hilo lilianza kupima kila chupa ya damu peke yake kwa kipimo cha chembe za urithi, na likaacha kutumia rangi. Mwaka 2014 likaondoa pia sharti lililowahusu wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Badala yake, kila mchangiaji, awe nani, aliyepata mpenzi mpya ndani ya miezi 6 alitakiwa kusubiri.

Nchi nyingine zilifuata njia hiyohiyo. Uingereza ilianza Juni 14, 2021, Siku ya Wachangia Damu Duniani. Canada ilifuata mwaka 2022, na Marekani ikatoa mwongozo wake Mei 2023. Siku hizi Marekani kila mchangiaji huulizwa kama katika miezi 3 iliyopita amepata mpenzi mpya au amekuwa na wapenzi zaidi ya mmoja. Akijibu ndiyo, huulizwa kama alifanya ngono ya njia ya haja kubwa, kwa sababu njia hiyo huambukiza VVU kwa urahisi zaidi. Akijibu ndiyo tena, anaombwa asubiri miezi 3. Mume wa mtu, mke wa mtu, kijana asiyeoa na mtu aliyebadili jinsia, wote wanajibu maswali hayohayo.

Kwa mtu aliyebadili jinsia, maana yake ni hii: mwanamke aliyebadili jinsia mwenye mwenza mmoja wa muda mrefu anaweza kukubaliwa, na mwanamume asiyebadili chochote mwenye wapenzi wapya anaweza kurudishwa nyumbani.

India bado inabishana

India ilichukua njia nyingine. Miongozo ya mwaka 2017 iliwaweka watu waliobadili jinsia, wanaume wanaofanya ngono na wanaume, na wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika orodha ya walio hatarini kupata VVU na homa ya ini, ikawazuia kuchangia kabisa. Ni miaka mitatu tu tangu Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iitambue jinsia ya tatu, mwaka 2014.

Mwaka 2021 mwanaharakati Santa Khurai kutoka jimbo la Manipur alipeleka shauri katika mahakama hiyohiyo. Hoja yake ni kwamba damu yote inapimwa, na kumkataa mtu kwa jinsi alivyo, bila kumuuliza anaishi vipi, ni ubaguzi. Serikali ilijibu kwamba maambukizi ni mengi zaidi katika makundi hayo, na kwamba haki ya mgonjwa kupata damu salama inatangulia hamu ya mtu kuchangia.

Hoja zote mbili zinastahili kusikilizwa. Ni kweli kwamba katika nchi nyingi VVU vimewapata zaidi wanawake waliobadili jinsia kuliko watu wengine. Ni kweli pia kwamba wingi wa maambukizi katika kundi hauelezi lolote kuhusu mtu mmoja aliyeketi mbele ya muuguzi. Mtu ambaye hajawahi kujamiiana hana hatari hiyo, hata awe wa kundi gani. Anayekatazwa kwa jina tu hawezi kumpa damu hata ndugu yake wa tumbo moja.

Mahali ambapo mwili bado unahesabiwa

Wapo wanaodhani kuwa basi swali la jinsia halina kazi tena. Hapana. Yako mambo matatu ambayo hayahusu ngono wala maambukizi, na kwayo mwili wa mchangiaji ni lazima ujulikane.

La kwanza ni wekundu wa damu, yaani himoglobini. Uingereza mwanamke anatakiwa awe na angalau gramu 12.5 kwa desilita, na mwanamume gramu 13.5. Homoni hubadilisha kiwango hiki. Mwanamume aliyebadili jinsia anayetumia testosteroni, himoglobini yake hupanda taratibu kuelekea kiwango cha wanaume. Mwanamke aliyebadili jinsia anayetumia estrojeni na dawa za kuzuia testosteroni, yake hushuka kuelekea kiwango cha wanawake. Akipimwa kwa kipimo cha wanaume na kukutwa na gramu 13, atarudishwa kama mwenye upungufu, hali hiyo ikiwa ndiyo afya yake ya kawaida.

La pili ni wingi wa damu na madini ya chuma. Chupa moja ya damu ni takriban mililita 450, na hutoka na miligramu 200 hivi au zaidi za madini ya chuma. Mtu mwenye umbo dogo ana damu kidogo mwilini, na anayepata hedhi hupoteza chuma kila mwezi. Kwa sababu hiyo Uingereza huwaruhusu wanaume kuchangia kila baada ya wiki 12, na wanawake kila baada ya wiki 16. Mwanamume aliyebadili jinsia ambaye bado anapata hedhi, akifuata ratiba ya wanaume anaweza kuishiwa damu mwenyewe. Swali hapa linamlinda mchangiaji.

La tatu ni mimba. Mwanamke anapobeba mimba, mwili wake unaweza kutengeneza kinga dhidi ya chembe nyeupe za mtoto, ambazo nusu ya urithi wake umetoka kwa baba. Kinga hizo hubaki kwenye maji ya damu, yaani plazma, kwa miaka mingi. Zikiingia kwa mgonjwa zinaweza kushambulia mapafu yake ghafla, akashindwa kupumua ndani ya saa chache. Tangu mwaka 2003 Uingereza imependelea plazma ya wanaume ili kuepuka balaa hilo. Sasa, mwanamume aliyebadili jinsia ambaye aliwahi kuzaa anaweza kuwa na kinga hizo, hata kama leo ana ndevu na kitambulisho cha kiume. Asipoulizwa, hakuna atakayejua.

Ndiyo maana baadhi ya vituo vimeamua kumuuliza kila mtu swali la mimba. Mwaka 2022 huko Scotland, mwanamume mwenye umri wa miaka 66 alikataa kulijibu kwa kuona ni upuuzi, akaondoka bila kuchangia. Unaweza kumwelewa. Lakini kumuuliza kila mtu kunamwondolea muuguzi kazi ya kukisia kwa macho, na kunamwondolea aliyebadili jinsia aibu ya kuulizwa peke yake mbele ya watu.

Dawa za kutaja

Homoni zenyewe, Marekani, hazimzuii mtu kuchangia. Dawa nyingine zinazuia kwa muda. Finasteride, inayotumiwa kwa tezi dume na upara na pia na baadhi ya wanawake waliobadili jinsia, inahitaji kusubiri takriban mwezi mmoja. Dutasteride ni miezi 6. Dawa hizi zikimfikia mjamzito kupitia damu zinaweza kuharibu umbile la mtoto wa kiume tumboni.

Muhimu zaidi ni dawa za kinga dhidi ya VVU, zijulikanazo kama PrEP. Dawa hizi ni nzuri kwa anayezitumia, ila zinaweza kuchelewesha kipimo kukiona kirusi. Marekani, aliyemeza vidonge husubiri miezi 3 tangu kidonge cha mwisho, na aliyechomwa sindano husubiri miaka 2. Anayetumia PrEP na bado anataka kusaidia wagonjwa asiziache dawa kwa ajili ya kuchangia damu.

Na kwetu Afrika Mashariki?

Tanzania, mwanamume huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Damu hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Kabla ya hapo kuna fomu na mazungumzo ya faragha na mhudumu.

Ugumu wetu uko kwenye ukweli wa majibu. Sheria za Tanzania, Kenya na Uganda zinaadhibu ngono ya watu wa jinsia moja, na mtu aliyebadili jinsia huogopa kuhesabiwa humo. Mwenye hofu hujibu hapana kwa kila swali, na jibu la uongo halimwambukizi mhudumu aliyelisikia. Linaweza kumfikia mgonjwa kitandani. Kwa hiyo mhudumu anayeuliza kwa upole, bila kucheka na bila kuhubiri, anafanya kazi ya usalama wa damu sawa na anayeshika mashine ya kupimia.

Mambo ya kukumbuka

- Usiende kuchangia damu ili kujua hali yako ya VVU. Nenda kituo cha kupima, ni bure na ni siri.
- Ukijua kuna jambo limekuweka hatarini miezi ya karibuni, subiri. Unaweza kuahirisha bila kumweleza jirani uliyekuja naye sababu.
- Taja dawa zote unazotumia, pamoja na homoni, hata kama hukuandikiwa na daktari.
- Kama umewahi kuwa mjamzito, sema, hata kama leo unaishi kama mwanamume.
- Kama bado unapata hedhi, subiri muda mrefu zaidi kati ya kuchangia mara moja na nyingine.
- Ukikataliwa, uliza kama ni kwa muda au moja kwa moja, na ni kwa sababu gani. Mara nyingi jibu ni kusubiri tu.