Kumpima Burkitt: Makala, Nukuu na Wasiohesabiwa

Mwaka 1958 jarida la British Journal of Surgery lilichapisha makala ya Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, kuhusu watoto 38 wenye uvimbe wa taya. Wachache waliijali. Tena kichwa chake kilikuwa na kosa: Burkitt aliuita uvimbe huo sarkoma, na ni wanapatholojia wa hapohapo Kampala, George O'Conor na Jack Davies, walioonyesha baadaye kuwa ni limfoma. Kamati ya leo ya kupandisha vyeo ingeikuta makala yenye nukuu haba, iliyosahihishwa na majirani. Ingeipa pointi zake na kufungua faili linalofuata.

Kipimo tunachokitegemea zaidi sasa, faharisi ya h, kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mwenye makala kumi zilizonukuliwa mara kumi kila moja hupata 10. Mwenye makala moja tu, hata ikinukuliwa mara elfu, hupata 1. Kipimo hiki huhesabu makala na nukuu zake. Uzito wa swali lililoulizwa hakiugusi.

Na swali la Burkitt lilikuwa la kawaida mno: uvimbe huu unaonekana wapi, na wapi hauonekani? Alituma barua zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni. Mwishoni mwa 1961 yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakasafiri wiki 10, takriban kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini, wakibisha hodi hospitali baada ya hospitali. Ramani iliyopatikana ilifuata joto na mvua: uvimbe ulitoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi na kwenye maeneo makavu, palepale mbu wa malaria wanapoadimika. Waliompa majibu ni madaktari wa wilaya, watu wasiokuwa na faharisi yoyote. Bila wao hapakuwa na ramani.

Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa amehutubia katika Hospitali ya Middlesex, London, na mtafiti wa virusi Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Epstein aliondoka na wazo moja: labda kuna kirusi. Uganda ikaanza kumpelekea vipande vya uvimbe kwa ndege. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza katika The Lancet virusi walivyoviona ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. (Achong, mzaliwa wa Trinidad, yumo kwenye makala lakini hayumo kwenye jina la kirusi, Epstein-Barr. Hata umaarufu una watu wanaobaki kizingitini.) Hotuba ile, iliyozaa yote haya, haihesabiwi popote kama chapisho.

Kuna upande wa pili, nao wanaomtukuza Burkitt huupita haraka. Mwaka 1971, akiwa amekwisha kurudi Uingereza, alidai katika jarida la Cancer kwamba uhaba wa nyuzinyuzi katika chakula huchangia saratani ya utumbo mpana. Makala hiyo ilinukuliwa sana, ikamfanya maarufu hata kwa wasiojua lolote kuhusu Mulago. Mwaka 2000 majaribio mawili makubwa ya Marekani yalikuta kwamba kuongeza nyuzinyuzi hakukuzuia kurudi kwa vinyama vya utumbo vinavyotangulia saratani hiyo. Tafiti nyingine za kufuatilia walaji zinamuunga mkono, kwa hiyo mjadala bado uko wazi. Mizani ya nukuu, hata hivyo, haitofautishi dai linalobishaniwa na ugunduzi uliothibitika. Yote huingia kapu moja.

Sisemi nukuu zitupwe. Hutusaidia kujua nani anasomwa, na humzuia mkuu wa idara kumpandisha cheo mpwa wake. Lakini katika vyuo vyetu zimegeuka hukumu, na mtafiti kijana anajifunza kukata utafiti mmoja vipande vitano ili apate pointi tano.

Ombi langu kwa wajumbe wa kamati hizo: mwombaji alete makala tatu tu, na kwa kila moja aandike ukurasa mmoja. Data ilitoka kwa nani? Nani, wodini au maabara, alibadili kazi yake kwa sababu ya makala hii? Akishindwa kuujaza ukurasa huo, wingi wa nukuu usimwokoe.