Karne Mbili za Bromini: Balard wa Montpellier na Chupa ya Liebig

Mwaka huu wa 2026 zinatimia karne mbili tangu Antoine-Jérôme Balard, kijana wa Kifaransa ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 24, alipowatangazia wanazuoni wa Paris habari za bromini, elementi ya ajabu ambayo, pamoja na zebaki, ndizo mbili tu zilizo majimaji katika joto la kawaida la chumbani.

Balard alikuwa msaidizi wa maabara katika mji wa Montpellier, jirani na mashamba ya chumvi ya pwani ya Mediterania. Chumvi ikisha kuganda na kuchotwa, hubaki maji mazito machungu ambayo aghalabu hayakutazamwa na mtu. Yeye aliyachukua, akayatia maji ya klorini, akaona imetokea rangi ya machungwa iliyokolea, yenye harufu kali. Hakuridhika mpaka alipoipata rangi ile peke yake, ikiwa ni kiowevu chekundu cheusicheusi, uzito wake mara tatu ya maji, na mvuke wake wakereketa koo. Wanakemia Gay-Lussac, Thénard na Vauquelin, waliotumwa na Akademia ya Sayansi ya Paris kuipima kazi hiyo, waliithibitisha, ila jina alilolipendekeza mwenyewe walilikataa, wakaiita kwa neno la Kiyunani lenye maana ya uvundo.

Lakini Wajerumani wana hadithi yao, nayo ndiyo tamu zaidi. Carl Löwig, mwanafunzi wa Heidelberg, alikuwa amekwisha kuipata bromini mwaka 1825 katika maji ya chemchemi ya Kreuznach, mji wa kwao. Mwalimu wake, Leopold Gmelin, akamtaka atengeneze kiasi kikubwa zaidi kabla ya kuandika, na hapo mitihani na likizo zikaingia kati, hata Mfaransa akamtangulia. Ama Justus von Liebig, aliyekuwa bingwa wa kemia wa zama zake, naye alikuwa ameletewa kiowevu hicho hicho kutoka Kreuznach. Akakitazama, akahukumu kuwa ni mchanganyiko wa iodini na klorini, akabandika jina hilo juu ya chupa, akaiweka. Zilipofika habari za Balard alijua mara moja kilichompita, na chupa ile, kama wasemavyo waandishi wa maisha yake, akaihamishia katika kabati aliloliita la makosa. Hasira hazikumwisha: alisema kwamba si Balard aliyeivumbua bromini, bali bromini ndiyo iliyomvumbua Balard.

Hiyo, kwa maoni yangu, ni dhuluma. Dhana ya iodini na klorini ilimjia Balard pia. Tofauti ni kwamba yeye alijaribu kukitenganisha kiowevu chake, akashindwa, na kushindwa huko kukawa ndiko kulikomwonyesha kwamba ana elementi mkononi.

Katika utabibu, bromini iliingia kwa mlango usiotarajiwa. Mwezi Mei 1857, mjini London, Sir Charles Locock, daktari wa uzazi wa Malkia Victoria, alisema mbele ya matabibu wenzake kwamba bromidi ya potasiamu imewatuliza wanawake kadhaa wenye kifafa. Hoja yake ilikuwa batili, kwani alidhani kifafa chao chatokana na matamanio ya mwili, na dawa hiyo ilisifiwa kwa kuyapoza. Hata hivyo dawa ilifanya kazi, ikawa ndiyo ya kwanza yenye nguvu ya hakika juu ya maradhi hayo. Kwa kuwa mwili huchukua siku kama 12 kuondoa nusu yake tu, dozi za kila siku zilirundikana, na wagonjwa wengi wakapatwa na vipele, usingizi na kuchanganyikiwa akili.

Mwaka 1912 daktari Mjerumani Alfred Hauptmann alionyesha ubora wa fenobabitali, dawa nyingine ya kifafa, na bromidi ikaanza kusahauliwa; leo hutumiwa zaidi na madaktari wa wanyama, kwa mbwa wenye kifafa. Bromini yenyewe imepita katika filamu za picha, katika petroli yenye risasi, na katika methili bromidi ya kufukizia mashamba, ambayo Mkataba wa Montreal uliizuia ili kuinusuru tabaka ya ozoni. Ama fenobabitali iliyoirithi bromidi hospitalini ni rahisi mno kwa bei, na bado huku kwetu wako wenye kifafa wanaofichwa majumbani bila kuonjeshwa hata kidonge kimoja.