Hazina ya mbali na tawi katika Git

Hazina ya mbali ni nakala ya mradi wa programu inayotunzwa nje ya folda anayofanyia kazi mtumiaji, mara nyingi kwenye seva ya intaneti. Tawi ni mfululizo wa mabadiliko unaoendelezwa kando na mengine ndani ya mradi huohuo. Katika Git, ambayo ni mfumo wa kudhibiti matoleo, kupeleka au kuchukua mabadiliko hutegemea mambo hayo mawili: hazina ipi na tawi lipi.

Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya kiini cha Linux. Kwa kawaida kila nakala ya mradi hubeba historia yake yote. Kwa Git yenyewe hakuna nakala iliyo kuu kuliko nyingine. Watu wa mradi ndio wanaokubaliana ipi ifuatwe.

Jina na anwani

Anwani ya hazina ni ndefu, hivyo Git huipa jina fupi. Mradi ukinakiliwa kwa amri ya git clone, hazina ulikotoka huitwa origin. Jina hilo ni mazoea tu na linaweza kubadilishwa. Amri ya git remote -v huonyesha majina yote pamoja na anwani zake.

Mradi mmoja unaweza kuwa na hazina za mbali kadhaa. Mfano ni OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004 na ambayo historia yake inahusiana na kliniki za Eldoret, Kenya. Msimbo wake umewekwa GitHub. Mchangiaji hujitengenezea nakala yake huko, akaiita origin, kisha huongeza hazina ya mradi wenyewe kwa jina upstream:

git remote add upstream https://github.com/openmrs/openmrs-core.git

Baada ya hapo huchukua mapya kutoka upstream na kupeleka kazi yake origin, ikasubiri kukaguliwa na wasimamizi wa mradi.

Anwani si lazima iwe ya intaneti. Wanafunzi wawili wa Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, wakiishiwa kifurushi wanaweza kutengeneza hazina kwenye flashi kwa git init --bare na kuitaja hivi:

git remote add flashi /media/flashi/mradi.git

Kila mmoja hupeleka na kuchukua kazi kupitia flashi hiyo. Atakayepata mtandao kwanza hupeleka kazi ya wote wawili kwenye seva.

Kutaja tawi

Amri ya git push origin main hupeleka tawi la main lililo kwenye kompyuta hadi tawi la jina hilohilo huko origin. Miradi mingi ya zamani hutumia jina master. GitHub ilianza kutumia main kwa hazina mpya mwaka 2020.

Majina yakitofautiana hutenganishwa kwa nukta mbili, la hapa likitangulia:

git push origin rekebisho:jaribio

Upande wa kushoto ukiachwa wazi, Git hufuta tawi lililotajwa kulia. Kwa hiyo nafasi moja iliyowekwa kimakosa, yaani git push origin rekebisho :jaribio, hupeleka tawi la rekebisho na kuomba tawi la jaribio lifutwe kwenye seva.

Tofauti ya nafasi na mkwaju

Maandishi origin main na origin/main hayana maana moja. La kwanza hutaja hazina na tawi lake. La pili, lenye mkwaju, ni kumbukumbu iliyo ndani ya kompyuta ya mtumiaji: hali ya tawi hilo ilivyokuwa mara ya mwisho Git ilipowasiliana na origin. Kumbukumbu hiyo husomeka hata bila mtandao, lakini huenda imepitwa na wakati. Amri ya git fetch origin huisasisha bila kugusa tawi ambalo mtumiaji analifanyia kazi.

Usalama wa kazi ya wengine

Ikiwa mwenzake ameshapeleka mabadiliko ambayo mtumiaji hajayachukua, Git hukataa git push ya kawaida. Chaguo la --force hupuuza kizuizi hicho na linaweza kuondoa kazi ya mwenzake kwenye tawi la seva. Chaguo la --force-with-lease hulinganisha kwanza: likikuta tawi la seva limetofautiana na kumbukumbu ya origin/main, husimama. Kinga hiyo hupotea mtumiaji akifanya git fetch bila kuangalia kilicholetwa, kwa kuwa kumbukumbu huwa imeshalingana na seva.