Simba Wana Picha, Kimanga Hakina

Desemba 1898, John Henry Patterson aliwaua simba wawili wa Tsavo waliokuwa wakiwala wajenzi wa reli. Kitabu chake cha 1907 kina picha za simba hao, na tangu miaka ya 1920 wamo katika jumba la makumbusho huko Chicago. Lakini wajenzi walikula nini? Na Wataita kule vilimani? Katika picha za zamani za Voi na Tsavo nilizoziona, sijakutana na sufuria hata moja. Kamera ilikuwa ghali, na mwenye nayo alipiga kilichomshangaza yeye.

Leo kamera iko mfukoni. Shida ni kwamba kimanga, maharagwe yaliyopondwa pamoja na muhogo au ndizi, kina rangi ya udongo, na ukikipiga na flashi kinaonekana kama plasta. Kwa hivyo mimi huzima taa, naweka sahani kando ya dirisha asubuhi, halafu upande wa kivuli nasimamisha karatasi ya manila nyeupe irudishe mwanga. Hapo punje na mafuta vinaonekana. Kisha naandika: nani kapika, kijiji gani, mwaka gani. Jina la muuaji wa simba tunalo tayari. La mpishi je?